Muthoka Aogelea Chali

Kwa miaka kumi na mmoja Muthoka alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, na muda wote huo aliliogopa bwawa la kuogelea kama mtu anavyomwogopa mbwa wa jirani. Alipokata nyasi za ukingoni alipita mbali kidogo, macho yake yote kwenye mashine. Lakini nyumbani Shimba Hills, kwenye shamba ambalo baba yake alipewa walipohamia kutoka Ukambani, habari zilikuwa nyingine. Huko Muthoka alikuwa muogeleaji.

Ilianza na neno moja tu. Mwaka wa tisini na mbili alimwambia mkewe, Winrose, kwamba amemtoa Mjerumani majini. Alichotoa hasa ni kofia ya Mjerumani, tena kwa reki. Winrose akawasimulia wenzake kanisani, mchungaji akatoa shukrani, na kila Muthoka aliporudi likizo alikuta Mjerumani ameongezeka uzito, naye hakumpunguza. Kufikia mwaka wa tisini na nane Wajerumani walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amebeba mtoto.

Mwezi wa kumi mwaka huo meneja alitangaza siku ya michezo ya wafanyakazi, mapema Desemba kabla ya wageni wa Krismasi kufika. Jamaa wote walikaribishwa, na kila idara ilitakiwa kutoa muogeleaji mmoja. Idara ya bustani haikujadiliana hata dakika moja. Mwenzake Muthoka, aitwaye Dzombo, alikuwa na dada aliyeolewa Shimba Hills, kwa hiyo habari za Wajerumani alikuwa nazo zote. Jina la Muthoka likaandikwa ubaoni. Mwenyewe alisimama akalitazama, akitafuta ugonjwa wa kusingizia unaoweza kudumu wiki sita.

Msaada aliutafuta kwa Sefu, kijana wa idara ya dobi, mzaliwa wa Bodo, aliyejua kuogelea kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati. Muthoka alimweleza shida yake kwa sauti ya chini, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Sefu hakucheka.

"Mzee wangu, Alhamisi sote tuna mapumziko," alisema. "Twende kwetu. Kule kwenye mikoko hakuna mtu wa hoteli."

Alhamisi ya kwanza Muthoka aliingia majini mpaka magotini, akasema kwa leo imetosha. Ya pili alifika kifuani. Sefu akamtaka alaze uso majini, anyooshe mikono na kupiga miguu kama wageni wanavyofanya. Muthoka akafanya hivyo, akazama. Akajaribu tena, akazama kwa upande mwingine. Ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa wakitafuta kaa matopeni waliweka ndoo zao chini ili watazame vizuri, na mmoja akauliza kwa adabu kama mzee ameangusha kitu.

Alhamisi ya nne, kwa kuchoka tu, Muthoka alijilaza chali. Hakuzama. Tumbo lake, ambalo kila asubuhi alilikazia mkanda ili lisionekane, lilitokeza juu ya maji na kutulia hapo bila wasiwasi. Akapiga miguu, akasogea. Hakuona anakokwenda, lakini alikuwa anakwenda.

"Basi ndiyo hiyo," Sefu akasema.

"Hii si kuogelea. Huku ni kulala."

"Unalala huku unasafiri, mzee wangu. Ile ya kifudifudi tutaendelea nayo taratibu. Desemba nenda na hii uliyo nayo."

Njiani kurudi hotelini Muthoka alinuna mpaka Ukunda. Alikuwa amejiona akipasua maji kama samaki, na sasa alipewa mwendo wa gogo. Hata hivyo usiku huo, kwa mara ya kwanza, hakuota anazama.

Jumapili aliomba ruhusa, akaenda nyumbani akamkuta Winrose anabambua mbaazi uani. Akaketi, akamwambia yote. Winrose aliendelea kubambua.

"Na yule wa pili?" aliuliza.

"Hakukuwa na wa pili."

"Na mtoto?"

"Hakuna mtoto, mama."

Winrose akainua uso. "Yule mtoto nimemwombea miaka mitatu," alisema, kisha kicheko kikampata mpaka mbaazi zikamwagika. Alipotulia alisema kwamba michezoni atakwenda vilevile, na kanisani Muthoka atajieleza mwenyewe.

Siku ilipofika, waogeleaji sita walishuka bwawani na filimbi ikalia. Watano waliondoka. Muthoka alijilaza chali, akatazama mawingu, akaanza safari. Kwanza aliingia njia ya idara ya jikoni, ambako mpishi aitwaye Ziro, aliyekuwa akijikokota macho yamefumba, alimshika mguu akidhani amefika ukingoni. Kisha akaanza kupinda polepole kurudi alikotoka. Watu wakapiga makofi, wengine wamejishika mbavu. Hapo Winrose alinyanyuka, akafuata ukingo na viatu vyake vya kanisani.

"Kushoto, baba," alimwita. "Kushoto kwako, si kwangu."

Akamwongoza hivyo mpaka kichwa cha Muthoka kikagonga ngazi za upande wa pili. Wenzake walikuwa wameshajifuta na kuvaa. Muthoka alitoka majini akihema, tumbo mbele, na hakukumbuka kulibana. Meneja akampa mkono. Dzombo akauliza kama wale Wajerumani aliwaokoa kwa mwendo huo. Muthoka akamwambia ukweli, kwamba ilikuwa kofia, na bustani nzima ikacheka wiki mbili.

Masomo ya Bodo hakuyaacha. Kufikia Pasaka aliweza kupiga mikono minne akiwa kifudifudi, na wa tano akanywa maji. Alipoulizwa kama anajua kuogelea, alijibu kwamba kwa chali anajua, na kwa kifudifudi bado anasoma. Alhamisi moja Winrose alifuatana naye, akaketi na kanga yake kwenye maji ya kiunoni, akamuuliza Sefu kama kuna darasa la wanaoanza leo.