Karatasi Mbili za Manka

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya uchapaji mjini Moshi sikugusa rangi. Fundi Mkuu, mama mmoja aliyependa kufanya kazi peku, alinipa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chenye matundu madogo sana. Hiyo ndiyo tunayoiita skrini. Akaniambia niinue kuelekea dirishani.

"Unaona nini?"

"Naona nje, mama."

"Basi umeiona kazi yote. Palipo wazi rangi inapita, palipozibwa haipiti. Yaliyobaki ni mikono."

Mikono ilichukua miaka. Nilijifunza kupaka dawa ya mwanga, ile inayogandishwa na jua na kuacha umbo la mchoro kwenye kitambaa. Nilijifunza kuvuta rangi kwa skwiji, raba iliyobanwa kwenye ubao, kwa mkupuo mmoja bila kusita. Ukisita, mstari unabaki. Tulichapa fulana za kwaya, sare za shule na vitambaa vya misiba.

Sikuwa mtu wa kutulia. Nilihamia Bomang'ombe kuchapa mifuko ya mbegu, nikagombana na Msimamizi wa Zamu kuhusu rangi iliyochanganywa na maji mengi, nikaondoka. Nikarudi Moshi, nikaondoka tena, nikarudi tena. Mke wangu alikuwa akisema nimeoa barabara. Mwishowe Mkurugenzi wa karakana moja mpya alinipa cheo cha fundi mkuu, nikajiambia hapa nitazeekea.

Hapo ndipo alipokuja Manka, mchoraji wa Kibosho, mwanamke wa makamo mwenye maneno machache. Alikuwa amemchora mama yake akishuka kihambani, shamba la migomba la nyumbani kwao, na mzigo wa majani ya ng'ombe, uso hauonekani, unaona shingo tu jinsi inavyobeba. Alitaka picha hiyo ichapwe nakala thelathini, rangi tano, kila rangi na skrini yake.

"Thelathini, halafu skrini zinafutwa," alisema. "Kila anayechukua nakala namwahidi kwa mdomo wangu kwamba hakuna ya thelathini na moja."

Alituletea karatasi nzito thelathini na sita, sita zikiwa za majaribio. Tukachapa kwa wiki mbili. Kazi ngumu ilikuwa kulinganisha rangi: ile ya pili lazima ikae juu ya ya kwanza bila kupishana hata unywele. Nilizisumbukia mno zile picha. Nilikuwa naamka kitandani kabla ya wakati nikiiwaza ile kijani. Niliharibu karatasi nne tu, na nakala ya thelathini ilipokauka nilijua sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo.

Kabla sijafuta skrini, Mkurugenzi aliingia.

"Fundi Filbert, karatasi zimebaki ngapi?"

"Mbili, bosi."

"Zichape. Moja nitaitundika ofisini, moja kuna mgeni wangu anasafiri kesho, ameipenda sana."

"Manka alisema thelathini."

"Nani atahesabu? Skrini ni zangu, na wewe ni fundi wangu."

Ningeweza kumwaga maji ya kufutia palepale, kwa sababu ndoo ilikuwa miguuni pangu. Lakini ukweli ni huu, vijana: sehemu ya moyo wangu ilitaka kuivuta ile picha mara mbili nyingine. Nilichapa, rangi baada ya rangi. Kisha nikafuta.

Manka alipokuja kutia saini na namba, alihesabu nakala, halafu akahesabu zilizoharibika.

"Fundi, mbili ziko wapi?"

"Zililowa maji. Nilizitupa."

Alinitazama kidogo. "Sawa. Wewe nakuamini," akasema, akaendelea kuandika namba zake taratibu.

Angenitukana ningepona. Tangu hapo nikawa siketi. Nilianza chai nikaiacha, nikaenda kanisani nikatoka kabla ya baraka. Kila nilipopita ofisini kwa Mkurugenzi niliiona ile shingo ukutani. Jumamosi ya tatu nikapanda Kibosho, barabara mbovu ya mawe, nusu gari nusu miguu.

Mama yake ndiye aliyenipokea. "Karibu, meku," akaniita kama wanavyoita mzee kule, akanisogezea kigoda na bakuli la mtori wa ndizi. Nilishindwa kula. Manka alipotokea nyuma ya nyumba nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mbele ya mama yake.

Hakupandisha sauti. "Ya mgeni imeenda wapi?"

"Ng'ambo. Sijui wapi."

"Na mimi nimewaambia watu thelathini uongo bila kujua."

Mama yake akauliza kwa Kichagga kuna nini. Manka akamjibu kwa kirefu. Yule bibi akanitazama, akachukua bakuli langu lililojaa, akalirudisha jikoni. Mpaka leo sijapata adhabu kubwa kuliko hiyo.

Tulishuka pamoja Jumatatu. Manka aliingia ofisini, akaiondoa picha ukutani, na Mkurugenzi aliposimama kumzuia nikasema, "Bosi, mwache. Ni yake." Ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho pale. Manka aliichana vipande mbele yetu. Kisha, kwa wiki nzima, akawapigia simu wenye nakala zote, mmoja mmoja, akiwaambia kwamba kuna nyingine moja duniani isiyo na namba. Baadhi walimrudishia nakala zao. Wengi walibaki nazo.

Nilimaliza miaka yangu ya kazi nikichapa mabango katika kibanda changu mwenyewe. Sasa magoti yamegoma, nakaa Uru, na vijana wa uchapaji huja kuniuliza kuhusu dawa ya mwanga na aina za vitambaa. Nawaeleza. Wanaandika kwenye simu zao. Kisha nawaeleza na hili, na hawaandiki.

Mwaka jana tulikutana na Manka kwenye harusi. Alinijia kati ya watu, akainama kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikangoja aseme neno. Alinishika mkono, akautazama upande wa kiganja kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua chombo ambacho bado kingefaa. Kisha akauachia, akarudi mezani kwake.