Mkono wa Tajudini kwenye mlima wa Bugarama

Tajudini, fundi wa baiskeli wa Buyenzi, ujana wake aliumalizia kwenye kubeba ndizi kwa baiskeli. Alikuwa akishuka na mzigo kutoka Bugarama kama jiwe lililoporomoka, na kurudi juu, kama wenzake wote, anashika nyuma ya lori, linamvuta mpaka kileleni. Basi uzee unabisha hodi, mwenyewe akajiandikisha kwenye mashindano ya kuogelea, baiskeli na mbio, yote siku moja. Kombe hakulitamani. Alitaka jambo moja tu: mlima ule aupande kwa miguu yake mwenyewe, watu wakiona.

Geneviève, aliyemfundisha, alimwonya, akimwita kwa jina la mwanawe. "Papa Yahaya, nguvu si miguu peke yake. Mu maji usishindane na vijana. Na ku velo, juu ya baiskeli, ukule mbele njaa haijafika."

"Mi mutu muzima nikule mu barabara, watu wananiangalia? Haya sina?"

Maana huku mtu na heshima zake hatafuni njiani.

Asubuhi hiyo pale Kajaga aliyapiga maji ya ziwa kwa hasira, akatoka kifua kikiwaka. Akapanda baiskeli. Ndizi zilikuwa mfukoni, hakuzigusa. Jua likapanda naye. Mlima ulipoanza, miguu ikawa uji, macho yakaona vimulimuli. Lori likanguruma nyuma yake, likaanza kumpita polepole. Wallahi hakuamua. Mkono ulinyanyuka wenyewe, ukashika chuma, lori likamvuta.

Wabeba ndizi walioning'inia upande wa pili wakapiga kelele.

"Karibu, muzee! Na namba mugongoni! Siku hizi mbio munakimbiza na kamyo?"

Wakacheka, mmoja nusura aanguke.

Uso ukamwaka. Akaachia. Lori likaenda zake, naye akasimama kando, wanawake wauza mboga wakimtazama. Mkono ule akaufuta kwenye kaptura, akaufuta tena.

Geneviève akafika na pikipiki. "Nimeona, papa. Waamuzi wamekutoa mu mashindano."

"Najua." Hakuweza kumtazama. "Nilishikia wapi?"

"Kule chini, ku daraja."

Tajudini akamenya ndizi, akaila palepale, kichwa chini, akitamani ardhi ipasuke. Kisha akageuza baiskeli kuelekea bondeni.

"Wamekutoa, nakwambia! Unarudi sababu ya nini?"

"Mi bado sijaupanda."

Akashuka hadi darajani, akageuka, akaanza upya, polepole, wenzake wote wameshapita. Kila lori lilipokaribia, aliukamata usukani kwa mikono miwili, wala hakuinua uso.