Kikombe cha Bati cha Shangazi Mwanaidi

Nakumbuka, mwanangu, Ijumaa moja ya ujana wangu pale Chang'ombe, siku niliyovunja jina la mtu kwa kikombe cha plastiki.

Zilikuwa zile siku bidhaa za nje zilipoanza kufurika madukani, baada ya miaka ya foleni. Shangazi yangu Mwanaidi, aliyenilea, hakubabaishwa na mapya hayo. Alikuwa na kikombe chake cha bati, mpini umeng'oka, na kwa kikombe hicho alipimia maandazi yaliyosifiwa Temeke nzima. Unga vikombe vinane, sukari viwili. Hakuwahi kukaa darasani, wala hakuwahi kukosea.

Jirani yetu Bi Saada alipomwoza binti yake, alimwomba Shangazi maandazi ya unga vikombe arobaini. Wiki ile mkono wa Shangazi ulikuwa umevimba, akanikabidhi mie kazi. Nilikuwa kidato cha nne, kichwa kimejaa. Nikatoa karatasi ya miraba, unga nikaupanga chini, sukari pembeni, nikatia nukta: nane kwa mbili, kumi na sita kwa nne. Nikaziunganisha kwa rula. Mstari ukatoka kwenye pembe ya sifuri, ukapanda umenyooka hadi arobaini, ukanionyesha sukari vikombe kumi.

"Haya, msomi," Shangazi akacheka, "na huo mstari unakaangwa au unachemshwa?"

"Unasomwa, Shangazi."

"Basi usome. Ila kikombe usibadilishe."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Nilitaka kumaliza upesi nikasukwe nywele za harusi, nikachota unga kwa kikombe changu kipya cha plastiki, kikubwa, cha rangi ya waridi. Kopo la sukari lilikuwa na mdomo mwembamba, kikombe hicho hakikupenya. Nikachukua kile cha bati. Arobaini nilihesabu, kumi nilihesabu, nikaridhika.

Harusini wageni walimega, wakatazamana. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi akapaza sauti, "Jamani, mbona hayana sukari, haya ya harusi au ya msiba? Mwanaidi kazeeka, ulimi umekufa!"

Wakacheka. Shangazi akanitazama mara moja tu. Nikainamia sahani yangu.

"Nisameheni, wenzangu," akasema. "Uzee huo."

Kesho yake alinikalisha jikoni, akajaza maji kikombe changu, akayamimina kwenye kile cha bati. Kikajaa, maji yakafurika, yakatiririka hadi miguuni pangu.

"Mstari wako hauna kosa," alisema. "Hata kikombe chako hakina kosa. Ungepima vyote kwa hicho, yangekuwa matamu vilevile, mengi zaidi tu. Lakini umepima unga kwa hicho, sukari kwa hiki changu. Na jana mdomo wa kusema ulikuwa nao, hukusema."

Hakulirudia tena neno hilo. Nikajiambia nitakwenda kwa Bi Saada niseme kosa ni langu. Kesho. Baada ya mtihani. Baada ya mfungo. Huku nyuma harusi zikapita mtaani bila mtu kumwita Shangazi. Akisikia ngoma, alikaa kibarazani akikipangusa kile kikombe kwa upindo wa kanga. Nilipopata ujasiri wa kusema, nilisemea matangani kwake. Bi Saada akanishika mkono: "Ungesema yeye akiwa anasikia, mwanangu." Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nisikilize. Ukizidisha kimoja, mzidishe na mwenziwe kwa kadiri ileile, na vyote uvipime kwa kikombe kimoja. Si jikoni tu. Maandazi yale yangekuwa matamu, ningeitangazia harusi nzima kuwa ni ya mkono wangu. Yalipoharibika, nikaacha yawe ya Shangazi. Hivyo navyo ni vikombe viwili. Kipimo unachopokelea sifa, pokea nacho na lawama, na upokee mapema.

Mungu akupe mkono wenye kadiri na ulimi usiochelewa, na kila utakayemkosea ambakishe hai hadi aisikie sauti yako. Amina.