Pedali ya Lori la Marehemu

Lori lilipokuwa bovu lilikuwa langu. Naanza na hilo, maana hapa Likasi kuna watu mpaka leo hulisimulia kwa namna nyingine.

Mume wangu alipokufa, ndugu zake walikuja kutoka Kakanda kumaliza kilio. Wakabeba redio, baiskeli, abakosti yake, lile vazi la enzi za Zaire tulipokatazwa tai, hata kitanda tulicholalia. Mbele ya lori wakasimama, wakacheka. Lilikuwa kuukuu, kampuni ya migodi ilishalichoka kabla mume wangu hajalinunua, na sasa lilikataa kabisa kuingia gia. "Ile kyuma muachie mama na batoto," mama mkwe akasema mbele ya watu wote. Nikapiga makofi ya shukrani. Wanangu wangekula nini bila lile lori, la kubeba makala, yaani mkaa, na unga kuleta sokoni? Sikuwa na kingine.

Kwa ukoo wao, mtu akifa hutafutwa mpyani, yaani ndugu wa kuvaa jina lake na kuchukua vyake vyote, mke akiwemo. Mdogo wa mume wangu, fundi wa magari pale Panda, alinijia akaniambia ameshakataa. "Minye sitaki kukupyana, mulamu," akasema, mulamu ndiyo shemeji kwetu. "Weye uko sawa na dada yangu. Tutengeneze kamyo, batoto bakule." Nililia siku ile. Nilidhani Mungu amenikumbuka. Mjinga mimi!

Tulilala chini ya lori, mimi na yeye, kikwembe changu kikilowa grisi. Ugonjwa haukuwa kwenye klachi yenyewe. Ulikuwa kwenye vyuma vinavyoiunganisha na pedali: pini imelika mpaka ikawa nyembamba kiunoni, na tundu lake limepanuka likawa na umbo la yai. Ukikanyaga, nusu ya nguvu yako inapotelea kwenye ule ulegevu, klachi haiachii, gia zinapiga kelele. Yeye akaziba tundu kwa kuchomelea, akalitoboa upya. Mimi nikasugua pini mpya kwa tupa mpaka ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, isicheze. Kisha nikakaa kwenye usukani, yeye akabaki chini. "Kanyaga, mulamu! Achilia! Tena!" Akawa anairefusha ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye pedali, anaifupisha, mpaka pedali ikabaki na nafasi kidogo tu kabla haijaanza kuvuta. Gia ya kwanza ikaingia kimya. Eh, tulicheka! Nikampikia bukari, ugali wetu, na kuku, kuku wangu wa mwisho, akala akalamba vidole.

Alipokwisha kunawa ndipo akasema mama yake lazima alipake lori pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Kwao kitu cha marehemu hakirudi kazini bila mkono wa mama. Moyo wangu ulisita. Lakini mjane akikataa pemba, jua halizami kabla hajaitwa mchawi, ati ndiye aliyemla mumewe. Nikampa ufunguo mimi mwenyewe. "Kesho asubuhi niko hapa," akasema.

Asubuhi ikapita. Kesho yake pia. Nikapanda taksi-basi, lilipoishia nikatembea mpaka Kakanda. Lori lilikuwa mbele ya nyumba ya mama mkwe, limepakwa pemba boneti na milango, limeshapakiwa magunia. Uani watu walikuwa wengi. Shemeji yangu alikaa katikati yao kwenye mkeka mpya, amevaa abakosti ya mume wangu, na pemba usoni.

Sikuhitaji kuelezwa. "Si uliniambia umekataa?" nikampigia kelele. "Si uliniita dada yako?"

"Si minye, mulamu," akajibu, akitazama vidole vya miguu yake. "Ni familia."

"Familia ndiyo iliyokula kuku wangu? Familia ndiyo iliyolala na mimi chini ya lori, inaniambia kanyaga, achilia?"

Wazee wakanikemea ninyamaze. Kumbe walikuwa wamempanga tangu kilio, wakingoja tu lori lipone. Chuma kibovu hakuna aliyetaka kukirithi. Na yeye alijua kila alipokuwa akinishikisha tupa. Sijawahi kuchukia mtu namna ile.

Mama mkwe akaja akanishika mkono. Hakuwa mkali, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. Akanivuta taratibu hadi kwenye mkeka. "Piga magoti, mama," akaniambia. "Salimia bwana yako." Kisha akamgeukia yule mwanawe, akamwita kwa jina la mume wangu, jina lile lile nililokuwa nikililia kila nikibaki peke yangu.

Nikamtazama. Nilingoja akatae. Nilingoja hata akohoe tu, aone haya.

"Eyo, mama," akaliitikia jina lile.