Kiapo cha Kutoguna

Nimeapa mara mbili tu tangu nifike Texas. Kiapo cha kwanza kilikuwa cha uraia, nacho nimekishika mpaka leo bila taabu. Cha pili niliapa mwaka 2018, kwenye ukumbi wa jamii kule Sharpstown, mbele ya bibi mmoja mzungu aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba. Hicho hakikudumu hata nusu saa.

Nilikuwa nimempeleka Mama kupiga kura. Hakuwa mama yangu mzazi. Alikuwa mkimbizi wa zamani kutoka mashariki ya Kongo, jirani yangu wa mlango kwa mlango nilipoingia Houston kutoka Tanzania na sanduku moja na mtoto mchanga. Jengo zima tulimwita Mama. Alinilelea mwanangu nikiwa zamu hospitalini, na mpaka leo nikisikia harufu ya sombe, kisamvu cha Kikongo, najiona niko kwenye ile ngazi ya chuma, viatu vya kazi mkononi, miguu inawaka moto, na mlango wake uko wazi. Baadaye nilinunua nyumba Pearland, nyumba nzuri tu, lakini jirani wa kuniachia mlango wazi sijampata tena.

Mimi ni mtu wa kuwapangia watu mambo. Nakiri. Mama nilimchagulia daktari, benki, kampuni ya simu, hata viatu vya kazini, maana alikuwa akisafisha vyumba vya wazee kutwa nzima na vile vyake vilimchubua. Hakuwahi kubisha. Kwa hiyo asubuhi ile ya upigaji kura wa mapema nilipomfuata na gari, orodha yangu ilikuwa tayari kichwani, na kwa akili yangu ilikuwa orodha yetu sote wawili.

Tulipokuwa tunasubiri taa ziruhusu, akaniambia, "Mwana wangu, leo mi nataka kuchagula mi mwenyewe."

"Sawa, Mama. Ni wewe utakayebonyeza."

"Hapana. Kuchagula." Akainua kidole chake cha shahada. "Nyumbani bwana yangu alinichagulia. Siku moja tulipiga kura, chef wa quartier alinishika hiki kidole, akakiweka kwenye alitaka. Kambini, batu ba bureau ndio walisema tutaenda wapi. Hata hii Houston niliionaka kwenye karatasi tu. Leo nataka kimoja kikuwe changu."

Nikaitikia upesi upesi, kama mtu anayeitikia huku anatafuta pa kuegesha gari.

Mashine zilikuwa na Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili hakikuwemo. Kiingereza cha Mama kilikuwa kimemvusha kwenye mtihani wa uraia na kilitosha salamu za kazini, basi. Sheria inamruhusu mtu wa namna hiyo kuja na wa kumsomea, ila msomaji lazima aape. Yule bibi akaniambia ninyooshe mkono. Nikaapa kwamba sitampendekezea mpiga kura wa kumchagua, si kwa neno, si kwa ishara, si kwa kiungo chochote cha mwili.

"Anasemaka nini?" Mama akauliza.

"Anasema nisikuonyeshe wa kumchagua. Hata kwa jicho."

Mama akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe? Utaweza?"

Tukacheka, na bibi akauliza kuna nini. Hilo sikumtafsiria.

Mashine za Houston wakati ule zilikuwa na kitufe cha kuzungusha, kama cha kutafutia stesheni kwenye redio za zamani. Mama alikipenda papo hapo. Mwaka ule mtu bado aliweza kubonyeza chama mara moja akawa amemaliza wagombea wote wa chama hicho. Nikamsomea palipoandikwa hivyo. Akatikisa kichwa.

"Chama sikijui. Nisomee batu."

Nikasoma. Akamchagua gavana, akachagua na wengine wawili watatu aliowahi kuwasikia, kisha wakaja majaji. Kwetu sote wawili jaji ni mtu wa kuteuliwa na wakubwa, humjui mpaka siku ya kesi. Texas jaji huomba kura kama diwani, na Houston wapo wengi mpaka ulimi unakauka. Kwa kila mmoja Mama aliuliza: huyu ni nani? Ana watoto? Anaogopa Mungu? Nami, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, sikuwa na la kumwambia zaidi ya, "Mama, hapa kuna jina tu." Alipokuwa hamjui mtu alisema "tupite," tukapita.

Hatimaye tukafika kwenye jina tulilolijua wote. Mgombea huyo alikuja kanisani kwetu Jumapili moja kusalimia watu. Baada ya ibada akina mama wakamletea sahani ya wali, kuku na sombe. Akaweka mkono kifuani, akakataa. Mimi mtu akikataa chakula cha watu walioamka alfajiri kukipika, simsahau. Nililisoma jina lake vizuri kabisa, herufi zote, kisha pumzi ikanitoka puani.

"Mh."

Haikuwa kubwa. Lakini mkono wa Mama ulisimama. Akazungusha kitufe mpaka kwa mpinzani wake, mwanamke ambaye hatujawahi kumtia machoni, akabonyeza. Tukaendelea.

Niliona aibu, tena si aibu ya kiapo peke yake. Maneno yake ya garini ndiyo kwanza yaliniingia. Bwana, mkuu wa mtaa, watu wa ofisi ya kambi, na sasa mimi. Nilitaka kumwambia arudi nyuma, lakini kumwambia arudi nako kungekuwa kumwelekeza. Nikasoma majina yaliyobaki kwa sauti iliyopooza, na nilimpenda yule mama siku ile kuliko siku zote, na sikuwa na la kufanya.

Mwishoni mashine ikaleta orodha ya yote aliyochagua ili ahakikishe. Nikamsomea moja moja. Nilipofika kwa yule mgombea mwanamke, akanigusa mkono.

"Hapo. Tunarudia hapo."

Nikamweleza jinsi ya kurudi. Akazungusha kitufe polepole.

"Ule mutu hakukula, ni kweli," akasema. "Lakini alibakia mpaka mwisho, akabebaka viti pamoja na sisi. Wewe ulikuwa umeshaenda zamu. Mi niliona." Akabonyeza jina la yule wa kanisani, kwa kidole kile kile alichonionyesha garini. "Uliguna, nikaogopa kukukosea. Sasa siogopi."

Kisha akabonyeza kitufe chekundu cha kumaliza.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na nilikuwa nadhani unawahusu wengine. Tulirudi kwake, akanipakulia sombe, na nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Natamani ningekaa zaidi siku ile. Nilikuwa na haraka, kama kawaida yangu.

Mwaka uliofuata alihamia Haltom City kwa mwanawe, safari ya saa nne na zaidi. Ulipofika uchaguzi wa 2020, kile kibonyezo cha chama kizima kilikuwa kimefutwa, korona imetufungia kila mtu kwake, na aliyemsomea Mama alikuwa mkwewe. Iliniuma kidogo. Nilimpigia jioni hiyo, naye akanihadithia foleni, barakoa, na jinsi mkwewe alivyoapa.

Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza amempa nani kura.

"Mh," akaguna, halafu akaniuliza kama mwanangu amekula.