Mpaka wa Shamba Kwenye Kompyuta

Nyie mnaosomewa na mnaosoma, nichekeni tu. Juzi nilikuwa ofisi ya kata, huku kwetu Mgeta. Binti mmoja wa chuo ametuwekea ramani ya mashamba mtandaoni, akanionyesha kwenye kompyuta yake.

"Shikamoo bibi. Shamba la ukoo wa mama yako ndilo hili. Ramani yenyewe ni ya wote, mtu yeyote anaiona bure, akitaka anairekebisha."

"Yeyote?"

"Yeyote, bibi."

Kusoma sijui, lakini hilo nililielewa upesi. Nikasogea, nikamnong'oneza, "Basi mjukuu wangu, huo mpaka nisogezee kidogo tu upande wa jirani, hadi kwenye ile migomba yake."

Binti akacheka, wala hakunong'ona. "Bibi, ukibadilisha, jina lako linabaki hapa, na dunia nzima inaliona. Huyo jirani yako naye alikuja jana, anataka niusogeze upande wako. Nikamkatalia."

Nikasimama, mikono kiunoni. "Upande wangu? Jamani! Watu wengine hawana hata haya!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikawa nageuka huku na huku, namtafuta aliyewachekesha.