Besi ya Muzee Anaclet Ilipiga Yenyewe Kanisani

Gitaa ya besi ya muzee Anaclet ilipiga yenyewe kanisani, kando ya sanduku la maiti yake, mbele ya watu zaidi ya mia mbili.

Hakuna mutu aliyeigusa. Ilikuwa imewekwa kwenye kiti, waya imechomekwa, na bafle mbili kubwa, zile spika za kanisa, zikaanza kutoa besi ya wimbo wa harusi.

Bibi mumoja alilia "E Nyamuzinda, Mungu wetu!" akaanguka kati ya benchi. Padri aliacha sala katikati. Wanaume wenye walibeba sanduku, wale wenye wanajifanyaka wagumu, njo walikuwa wa kwanza kufika mulangoni.

Mupaka leo kuko watu hapa Bukavu wenye wanaapa kama marehemu aliwaaga na muziki.

Uongo mutupu. Aliyepiga ni mimi.

Na sikuwa kanisani.

Naitwa Josué. Napigaka besi, miaka kumi na mbili sasa, katika orkestre ya nyimbo za wengine. Rumba za zamani, zouk, za kanisa zikiombwa, yote. Hatuna wimbo wetu hata mumoja. Mwenye anataka kutucheka acheke haraka, tuendelee.

Kama haujui maisha ya wanamuziki wa kwetu, sikia. Mwenye kupiga hana chombo. Chombo kina mwenyewe, na mwenyewe wa vyombo njo mwenyewe wa orkestre. Kwetu ni Firmin. Gitaa zake, ngoma zake, mikro zake, mupaka waya ya mwisho. Ukikosana naye asubuhi, mangaribi uko mupiga besi bila besi, sawa na fundi viatu bila sindano.

Firmin namuchukia. Sitaki kuficha. Yeye anapiga solo, anasimama mbele, na mimi ananiita "wewe wa nyuma", tena mbele ya wageni.

Kwa hiyo ndoto yangu ilikuwa moja tu: kuwa na besi yangu mwenyewe. Na si besi yoyote. Ile ya muzee Anaclet.

Nyuzi tano, mbao nyeusi, ndugu yake alimuletea toka Ubelgiji. Ukigusa uzi munene, kifua kinajibu.

Muzee njo alinifundisha, kwake Panzi, kwa gitaa ya mazoezi yenye kukosa uzi mumoja. Ile nyeusi nilikuwa naiangalia tu. Miaka yote naangalia tu, kama mutoto mbele ya sahani ya nyama ya wageni.

Alinipa ujanja wake: unaacha pigo la kwanza tupu, halafu unaingia nyuma yake. Watu wanacheza bila kujua juu ya nini wanacheza.

"Lakini Josué, unakimbia," alikuwa anasema. "Ngoma haijafika, wewe umeshafika. Unaenda wapi?"

Kila siku hiyo hiyo. Unakimbia, unakimbia. Ilinichosha roho.

Miaka tatu iliyopita akapata ugonjwa, mukono wa kushoto ukafa. Besi ikaingia chini ya kitanda.

Nikaenda kumuomba. Sikuomba anipe, niliomba aniazime. Siku hiyo kulikuwa wageni, walikuja kumuangalia.

"Papa, ile besi inalala bure."

Akaniangalia na lile jicho lake. "Ilale. Mutu mwenye anakimbia hataigusa."

Wageni wakacheka. Wote, mupaka Mélanie, binti yake.

Damu ikapanda. Nikamujibu: "Basi baki nayo, uipige na huo mukono wenye umekufa."

Kicheko kikakatika. Maman Cibalonza, muke wa muzee, alikuwa ameshika sahani za chakula. Aliziweka chini polepole, akasema, "Josué, toka."

Nikatoka. Sikurudi tena. Nikiona mutu wa ile nyumba barabarani, nahama upande.

Mukiniuliza kama nilijuta, hapana. Nilikuwa na hasira, na bado nilikuwa naitaka ile besi. Vyote viwili vilikuwa vinalala na mimi kitanda kimoja.

Sasa mwaka huu nikasema: kama ile siipati, nipate kitu chenye muzee hakuwahi kuwa nacho. Nikatafuta sanifili. Ni visanduku viwili. Kimoja unachomeka kwenye gitaa, kingine kwenye ampli, sauti inapita hewani bila waya. Unaweza kutembea mupaka mbele, mupaka katikati ya watu.

Niliipata soko ya Kadutu, okazioni, yenye ilishatumiwa na wengine, bila hata karatasi ya maelezo.

"Kuko kifungo cha kubadilisha njia ya mawimbi," muuzaji alisema. "Lakini wewe usikiguse. Iko sawa hivyo."

Sikukigusa. Nilifurahi sana hata sikuuliza njia ya mawimbi ni kitu gani.

Siku nne baadaye, muzee Anaclet akafa.

Misa ya mazishi ikapangwa Jumamosi saa munane, na sisi tulikuwa na harusi Jumamosi hiyo hiyo, saa munane ile ile, kwenye salle, ukumbi wenye uko chini tu ya kanisa. Muteremko mumoja unatenganisha.

Ijumaa Firmin akanisimamisha. "Kesho muzee wako anazikwa. Kama unaenda, enda. Nitapata mwingine wa besi."

Mumesikia? Nitapata mwingine. Alicheka, nikamuona meno, nikaelewa kama anataka kunitoa, na njo siku yenye nilipanga kusimama mbele kwa mara ya kwanza.

"Siendi," nikamwambia. "Nani alisema naenda?"

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Maman Cibalonza. Nikaiangalia mupaka ikanyamaza. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu.

Nikawaza, wanatafuta wa kubeba benchi. Miaka tatu hawakunitafuta, leo benchi njo zinawakumbusha jina langu. Nikazima simu.

Saa munane na dakika chache bibi-harusi akaingia, familia ya bwana toka Kavumu nyuma yake, na sisi tukaanza. Nikaacha pigo la kwanza tupu, nikaingia, nikatembea.

Mungu wangu, nilitembea! Nikapita ngoma, nikamupita Firmin, nikasimama mbele yake kabisa, mugongo wangu usoni kwake. Wamama wakapiga vigelegele. Nilikuwa na furaha yenye uchungu ndani, ile furaha ya kumukomesha mutu.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Tulikuwa katikati ya wa pili wakati mulango wa salle ulisukumwa.

Mélanie. Amejifunga pagne nyeusi ya kilio, kitambaa cha kichwa kimelegea. Nyuma yake wajomba wanne, na wawili wameshika mawe.

Nilimuona mbele ya yeye kuniona. Nikarudi nyuma haraka, nikapiga magoti nyuma ya ampli. Ndiyo, nilijificha. Andikeni chini kwenye komentari chenye munataka.

Muziki ukafa kipande kwa kipande. Firmin akaweka gitaa yake, akashuka. "Mama, munatafuta nani? Hapa kuko harusi."

"Na kwetu kuko maiti!" Sauti ya Mélanie ilikuwa imekauka. "Bafle za kanisa zinatoa besi yenu juu ya sanduku ya baba! Mama ameanguka. Batu banasema ni baba njo anapiga!"

"Haiwezekani."

"Sema tena haiwezekani," mujomba mumoja akasema, akainua jiwe.

Firmin akanyoosha mikono. "Pale kanisani kuko mikro bila waya?"

"Iko. Ya padri."

Firmin akafunga macho. Yeye anajua vyombo, alielewa palepale. Mimi nilielewa baadaye: kisanduku changu kilikuwa njia moja na mikro ya kanisa. Padri akizima ya kwake aende kunyunyizia sanduku maji, bafle zao zinabeba yangu.

"Inaweza kuwa kosa," Firmin akaanza, "sisi hatukujua..."

"Mimi najua!" Mélanie akamukata. "Wenye kuacha pigo la kwanza hivyo hapa muji ni wawili tu, na mumoja iko mu sanduku. Tena baba hakukimbiaka. Ule wa leo anakimbia. Josué! Toka, najua uko humu!"

Kosa lenye muzee alinigombeza miaka yote njo lilinitaja jina mbele ya salle nzima.

Watu wote wakageukia ampli. Nikasimama, gitaa shingoni, taa ndogo ya kile kisanduku inawaka na kuzima.

Mélanie akaniangalia toka viatu mupaka kichwa.

"Ulikataa kukuya na miguu," akasema, "ukakuya na bafle."

Akatema mate chini, kwenye maua ya harusi.

Munajua nilijibu nini? Nilisema, "Si mimi, ni mawimbi." Mwanaume mwenye ndevu, nasema ni mawimbi.

Jiwe likaruka. Likagonga ampli, mama wa bibi-harusi akalia, watoto wakakimbilia chini ya meza.

Hapo Firmin akafanya kitu chenye sijamusamehe mupaka leo. Alikuja kwangu, akachomoa kisanduku kwenye gitaa, akakizima, akakiweka mufukoni. Akageukia wale wajomba.

"Orkestre ni yangu. Kosa la mupigaji wangu ni langu. Twende, nitaomba musamaha mbele ya sanduku."

Kwetu ni hivyo. Kosa la nyumba linabebwa na mukubwa wa nyumba, na penye maiti hautumi maneno, unajipeleka mwenyewe. Wajomba wakaweka mawe chini.

Mulangoni Firmin akageuka. "Josué, unakuya?"

Njia ilikuwa wazi. Alinipa mbele ya kila mutu.

"Nani atabaki na harusi?" nikasema.

Alinigeuzia mugongo. Akapandisha muteremko pamoja nao, na hakurudi siku ile. Alifika mupaka kaburini. Mimi nikabaki napiga na waya, na hakuna mutu aliyecheza.

Wiki ilipita, siku ya kuondoa kilio ikafika. Nikaenda Panzi. Niwe mukweli: sikuenda juu ya pole. Nilijiambia, muzee amekwenda, ile nyumba haina mwenye kujua kupiga, mujane hawezi kulala juu ya besi mupaka mwisho wa dunia.

Maman Cibalonza alinipokea nje. Kiti hakunipa.

"Umefuata besi," akasema.

"Nilikuya kusema pole, maman."

"Josué, umefuata besi. Sikia basi." Alikuwa anaongea polepole, bila kelele, ningependa angepiga kelele. "Muzee aliacha neno. Alisema, siku ya mazishi yangu Josué aipige kanisani. Akimaliza, aifunge, aende nayo. Ni yake. Njo maana tuliiweka pale kwenye kiti na waya ndani. Kile kiti kilikuwa chako. Nilikuita mara tatu."

Ndani kulikuwa sauti za watu na harufu ya mihogo na nyama, na mimi nilisimama pale uwanjani kama mutu wa kuuza mayai.

"Hata baada ya yale nilimwambia?" nikauliza.

"Hata baada ya yale. Alisema ulikuwa na hasira ya kijana, itapita."

Na munajua, hata hapo bado nikauliza. Tamaa haina haya. "Na sasa iko wapi?"

"Mwenye alirusha udongo kaburini kwa jina la wapiga muziki njo familia ilimupa."

Sikutaka kusikia jina. Akalisema.

"Firmin."

"Maman! Firmin hakumupenda muzee hata siku moja!"

"Najua, hakumupenda," akasema. "Lakini alikuya."

Akaingia ndani, akafunga mulango bila kuugonga.

Nilimufuata Firmin siku ileile na matusi mudomoni. Nikamwambia yeye njo alipanga yote, toka Ijumaa, alipotaka kuweka mwingine mahali pangu.

Akaniangalia kama mutu anaangalia mufereji umeziba. "Mujinga wewe. Nilikuwa nakupa ruhusa ya kwenda kuzika."

Sasa kila Jumamosi napiga ile besi nyeusi ya nyuzi tano. Firmin ananipa saa munane, na tukimaliza ananyoosha mukono, naivua, anaifunga kwenye sanduku lake na ufunguo. Nimemuomba aniuzie. Alicheka mupaka akakohoa.

Iko tamu kupita nilivyowaza. Nikiigusa nasikia vile ingekuwa kuipiga siku ile, polepole, mbele ya wenye walimupenda, na yeye alalaye pale hawezi tena kunigombeza.

Somo munalitaka, najua, muko hapa juu ya somo. Basi: mwenye mulikosana naye akifa, nendeni. Hakuna anayewalazimisha kulia. Nendeni na kinyongo chenu hivyohivyo, mukae benchi ya nyuma, mukunje sura mupaka misa iishe.

Mimi kinyongo changu kilinibakisha harusini. Kilishinda, na njo hicho tu nilienda nacho nyumbani.